Kutoka Uwanja wa Mbina hadi Fremu ya Kamera: Tahakiki ya Mchezaji Ngoma wa Shinyanga na Geita kama Mwigizaji wa Filamu

Ikisiri

Makala hii inahakiki uhusiano kati ya mchezaji wa ngoma na mwigizaji wa filamu, kwa kuanzia na historia ya wachezaji wa baleti waliohamia katika filamu za Ulaya na Marekani, kisha kuangalia mfano wa Kampala na hatimaye ukanda wa Shinyanga na Geita. Dai lake kuu ni kwamba mchezaji wa mbina, yaani ngoma ya Kisukuma, tayari ni mwigizaji kwa maana kamili ya nadharia ya sanaa za maonesho. Kinachomzuia kuvuka si upungufu wa kipaji wala wa mafunzo. Kizuizi ni namna filamu inavyomsoma: inamtumia kama sehemu ya mandhari badala ya kumpa uhusika. Uhakiki umefanywa kwa kusoma maandishi na kutazama filamu teule. Makala inahitimisha kwamba pengo kati ya uwanja wa ngoma na fremu ya kamera ni pengo la kitaasisi na la kiuhakiki, na kwamba wahakiki wa Kiswahili wana sehemu yao katika kuliziba.

1.0 Utangulizi

Katika historia ya filamu za Magharibi, baleti imekuwa mojawapo ya vyanzo vya waigizaji. Moira Shearer alitoka kundi la baleti la Sadler's Wells la Uingereza na kuwa mhusika mkuu wa The Red Shoes (1948). Leslie Caron alitoka kundi la Roland Petit la Paris na kuingia katika An American in Paris (1951). Mikhail Baryshnikov, aliyeihama Urusi ya Kisovieti mwaka 1974, aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar kwa nafasi yake katika The Turning Point (1977). Barani Afrika, Charlize Theron, mzaliwa wa Benoni nchini Afrika Kusini, alikwenda New York kusomea baleti katika shule ya Joffrey, akaumia goti, na baadaye akashinda tuzo ya Oscar kwa filamu ya Monster (2003). Orodha hii imewafanya wahakiki wengi wa filamu kuamini kwamba kuna mvuto wa asili kati ya baleti na kamera.

Imani hiyo inapaswa kuhojiwa. Ikiwa mwili uliofunzwa kucheza ndio unaofaa kwa kamera, basi ukanda wa Shinyanga na Geita ungepaswa kuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa vya waigizaji wa filamu nchini Tanzania. Ni ukanda wenye vyama vya ngoma vilivyoshindana tangu karne ya 19, na ambamo mchezaji hodari anajulikana kwa jina vijiji kadhaa mbali na kwao. Hata hivyo, mchezaji huyo anapoonekana katika filamu au video huwa nyuma ya mtu mwingine: nyuma ya bibi harusi, nyuma ya mgeni rasmi, nyuma ya mwimbaji. Swali la makala hii ni kwa nini mwili mmoja umepokelewa na kamera kama mhusika na mwingine kama pambo.

Swali hili lina uzito kwa sababu ukanda huu unafahamika zaidi kwa kile kilicho chini ya ardhi yake. Almasi ya Mwadui ilianza kuchimbwa mwaka 1940. Mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu, wilayani Kahama, ukafuata mwaka 2001. Kamera nyingi zinazofika huko hufuata mashimo, malori na takwimu za uzalishaji. Watu wa ukanda huo wakiingia katika masimulizi ya picha bila kuwa wahusika, taswira yao itaandikwa na wengine.

2.0 Kipimo cha Uhakiki

Makala hii inaongozwa na mawazo ya Penina Muhando na Ndyanao Balisidya katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho (1976). Wataalamu hao waliyatazama maonesho ya Kiafrika kwa kutumia vigezo vinavyotokana na maonesho yenyewe, badala ya kuyapima kwa tamthilia ya Kizungu yenye jukwaa na pazia. Kwa mtazamo wao, sanaa ya maonesho inahitaji mambo manne: jambo linalotendwa, mtendaji, uwanja wa kutendea na watazamaji. Kigezo hiki kinaiweka ngoma, jando, majigambo na tamthilia ya jukwaani katika familia moja.

Mawazo ya M. M. Mulokozi (1989) yanakamilisha kipimo hicho. Mulokozi aliieleza fasihi simulizi kuwa tukio linalofungamana na fanani, hadhira, mahali na wakati. Kwa hiyo tungo haiwezi kuhakikiwa kwa maneno yake peke yake, bali sharti ihakikiwe pamoja na mazingira ya kutendwa kwake.

Vigezo hivi vikiletwa katika filamu, tofauti moja hujitokeza mara moja. Jambo linalotendwa na mtendaji wanaweza kubaki wale wale, lakini uwanja na watazamaji hubadilika. Uwanja unakuwa fremu, ambayo ukubwa wake huamuliwa na mwongozaji kila picha inapopigwa. Watazamaji hawapo wakati wa tendo, kwani watakuja baadaye, mahali pengine, na hawataweza kumjibu mtendaji. Kuvuka kutoka ngoma hadi filamu, basi, ni kubadili uwanja na hadhira huku mwili ukibaki mmoja. Uchambuzi unaofuata unatumia kipimo hicho.

3.0 Baleti Mbele ya Kamera: Kilichovuka na Kilichobaki

The Red Shoes, iliyoongozwa na Michael Powell na Emeric Pressburger, inahusu mchezaji anayelazimishwa kuchagua kati ya mapenzi na sanaa yake. Katikati ya filamu kuna onesho la baleti la zaidi ya robo saa. Onesho hilo halikurekodiwa kama lionekanavyo na mtazamaji aliyeketi ukumbini. Kamera inaingia jukwaani, mandhari yanabadilika kwa namna isiyowezekana katika ukumbi, na hofu ya mhusika inaonekana kama kitu chenye umbo. Hapa mchezaji hakuletwa ili apambe hadithi. Hadithi imejengwa kutokana na kazi yake, na filamu imebadili lugha yake ili iweze kumwona.

Hata hivyo, Shearer anacheza nafasi ya mchezaji wa baleti. Baryshnikov naye katika The Turning Point anacheza nafasi ya mchezaji wa baleti kutoka Urusi. Kwa kiasi kikubwa filamu hizi zimeubeba uwanja wa baleti na kuuingiza ndani ya fremu. Mchezaji amesafiri pamoja na nyumba yake. Uteuzi wa Baryshnikov katika kundi la waigizaji wasaidizi, pamoja na sifa zake zote, hauthibitishi kwamba dansi hugeuka uigizaji kwa yenyewe. Unathibitisha kwamba muswada ulioandikwa kwa kuzingatia mwili fulani unaweza kuufanya mwili huo useme.

Uvukaji kamili unaonekana kwa Leslie Caron. Gene Kelly alimwona jukwaani Paris, naye akaanza katika filamu kwa nafasi za kucheza dansi. Miaka 11 baada ya An American in Paris, Caron aliigiza katika The L-Shaped Room (1962), filamu inayomhusu mwanamke mjamzito asiye na mume anayepanga chumba duni jijini London. Hakuna baleti katika filamu hiyo. Kuna ngazi za kupanda, kitanda cha kuketia, mlango wa kusubiri mbele yake. Nidhamu ya mchezaji imebaki katika namna anavyoubeba uzito wa mwili na anavyonyamaza. Kwa kazi hiyo aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike.

Kwa hiyo kilichovuka kutoka baleti si miruko wala mizunguko. Ni uwezo wa kutenda jambo lile lile mara nyingi kwa usahihi, kujua mwili uko wapi bila kujitazama, na kuufanya utulivu uwe na maana. Mazoea ya kuigiza kwa ajili ya mtu aliyeketi safu ya mwisho ya ukumbi hayakuvuka, na yalipolazimishwa yalionekana kama kutia chumvi. Jambo la tatu mara nyingi husahaulika: wachezaji hawa walitafutwa. Palikuwa na studio, mikataba, wahakiki wa magazeti na watu ambao kazi yao ilikuwa kuingia ukumbini na kutoka na jina la mchezaji.

4.0 Kampala: Mchezaji Aliyepewa Utulivu

Mfano wa Afrika Mashariki unaokaribiana zaidi na suala hili ni wa Madina Nalwanga, mhusika mkuu wa Queen of Katwe (2016), filamu ya Mira Nair iliyotengenezwa na Disney. Nalwanga alipatikana jijini Kampala katika darasa la dansi, akiwa mwanafunzi wa Sosolya Undugu Dance Academy, taasisi inayofunza watoto ngoma na muziki wa Uganda. Hakuwa mwigizaji wa filamu kabla ya hapo. Aliwekwa mbele ya kamera pamoja na Lupita Nyong'o na David Oyelowo, waigizaji waliosomea kazi hiyo katika vyuo vikubwa.

Jambo la kuvutia kiuhakiki ni nafasi aliyopewa. Phiona Mutesi, ambaye maisha yake yanasimuliwa, ni mchezaji wa sataranji. Sehemu kubwa ya uigizaji wa Nalwanga inahusu kuketi, kutazama ubao na kuamua. Msichana aliyezoea kupiga miguu kwa mdundo wa ngoma anatakiwa abebe filamu nzima kwa macho na vidole. Katika picha za mtaani, anapouza mahindi na kupenya katikati ya watu, mwendo wake una uzito wa mtu anayejua kazi. Mbele ya ubao, mwendo huo unakusanywa na kuzuiwa. Mtazamaji anauona utulivu wake kama nguvu iliyofungwa, na mvutano wa filamu unatokana na hilo.

Mfano huu unavunja hoja kwamba baleti peke yake ndiyo humwandaa mwigizaji. Ngoma za Kiafrika zinazofunzwa Kampala zimetoa mwili wenye nidhamu ile ile. Aidha, mfano unaonesha masharti ya uvukaji: taasisi inayojulikana mahali ilipo, mtafuta waigizaji aliyekwenda kwenye darasa la dansi, na muswada uliomhitaji mtoto wa mazingira yale yale badala ya kumwazima kutoka kwingine.

5.0 Mchezaji wa Mbina ni Mwigizaji

Usukuma umegawanyika kingoma katika vyama viwili vikuu, Bagika na Bagalu, vinavyohusishwa na waasisi wawili waliokuwa mahasimu, Ngika na Gumha. Chini ya mwavuli huo kuna vikundi na ngoma nyingi. Bugobogobo huchezwa na majembe na inatokana na kazi ya shamba. Bayeye hucheza na nyoka hai, wakiwamo chatu. Wigashe, kama jina lake linavyodokeza, huimbwa na waliokaa. Katika ngoma nyingi hizi kiongozi ni ningi, mtunzi na mwimbaji anayeupeleka mchezo anakotaka. Mashindano yanayojulikana zaidi hufanyika wakati wa Bulabo huko Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, sikukuu iliyotokana na Ekaristi na kukuzwa katika parokia ambako Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alijenga makumbusho ya utamaduni wa Wasukuma. Vikundi vya Shinyanga na Geita ni sehemu ya mkondo huo huo, ingawa Geita ina pia Wazinza, Wasumbwa na Walongo wenye sanaa zao.

Vigezo vinne vya Muhando na Balisidya vikitumika hapa, mchezaji wa mbina anatimiza zaidi ya masharti ya chini ya utendaji. Hoja tatu zinaonesha hivyo.

Kwanza, mchezaji wa mbina anaigiza kitu kisichokuwapo. Katika bugobogobo, jembe linainuliwa, linashushwa na linarushwa, lakini hakuna udongo unaolimwa. Mchezaji anaonesha uzito wa ardhi kwa mgongo, na anaonesha unafuu wa kazi ya pamoja kwa kulizungusha jembe kana kwamba halina uzito. Mtazamaji mkulima anajua jembe lina uzito gani, kwa hiyo anajua amedanganywa na anafurahia namna alivyodanganywa. Huu ni umithilishaji, na ndio msingi wa uigizaji wowote.

Pili, mchezaji huyu anatawala uso wake chini ya shinikizo. Mchezaji wa Bayeye aliyebeba chatu mabegani ana kazi mbili kwa wakati mmoja. Anapaswa kumdhibiti mnyama kwa mikono na kuonesha wepesi usoni, kwani akionesha hofu mchezo umekwisha, na asipoiacha hofu kabisa iwepo hewani hakuna atakayetazama. Mwigizaji wa filamu anayepigwa picha ya karibu hufanya kazi inayofanana: kuficha jambo kwa namna ambayo mtazamaji atajua kwamba limefichwa.

Tatu, anaijua hadhira kuliko msanii aliyezoea watazamaji waliolipa kiingilio na kuketi. Katika mashindano ya Kisukuma, vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na umati ndio mwamuzi. Kikundi kinachoshindwa hukimbiwa na watazamaji, ambao huhamia kwa mpinzani. Ndiyo maana vikundi vimebuni sanamu za mbao, vinyago, mavazi ya kuchekesha, vituko na dawa za mvuto: kila kitu kinalenga kumzuia mtazamaji asiondoke. Mchezaji hujifunza kuhisi dakika ambayo umati unaanza kuchoka, na kuibadili kabla haijafika.

Hoja hii ya tatu ina upande wa pili ambao makala hii haiwezi kuupita. Kamera haihami. Inamtazama mchezaji aliyechosha kwa subira ile ile inayomtazamia aliyefana. Mchezaji aliyezoea kupimwa na miguu ya watu anapowekwa mbele ya kamera hupoteza kipimo chake, na kishawishi cha kwanza ni kuongeza nguvu: macho kutolewa zaidi, mikono kurushwa zaidi. Hili ndilo tatizo lile lile la mchezaji wa baleti anayeigiza kwa ajili ya safu ya mwisho. Kwa hiyo umbali kati ya mbina na filamu upo, lakini hauzidi umbali uliovukwa na Caron.

6.0 Kwa Nini Uvukaji Haujatokea

Inaweza kudhaniwa kwamba ukanda huu hautoi waigizaji. Historia inakanusha. Steven Kanumba, aliyekuwa sura iliyojulikana kuliko zote katika Bongo Movie hadi kifo chake Aprili 2012, alizaliwa Shinyanga mwaka 1984. Lakini njia iliyompeleka kwenye umaarufu ilipitia kundi la Kaole la Dar es Salaam, ambalo michezo yake ya kuigiza ilirushwa na televisheni ya ITV. Mtindo wa uigizaji uliotokana na michezo hiyo unategemea mazungumzo: watu wameketi sebuleni, wanagombana, kamera inamfuata anayesema. Shinyanga ilimtoa nyota, lakini sanaa ya mwili ya Shinyanga haikuvuka pamoja naye. Katika filamu za aina hiyo hapakuwa na mahali pa kuiweka.

Dar es Salaam yenyewe iliwahi kuwa na daraja. Baada ya Kikundi cha Ngoma cha Taifa kuvunjwa na Chuo cha Sanaa Bagamoyo kuanzishwa mwaka 1981, vikundi vya utamaduni kama Muungano, Mandela na Tanzania One Theatre viliendelea kutoa maonesho yaliyochanganya ngoma, sarakasi, vichekesho, maigizo na taarabu katika usiku mmoja. Laura Edmondson, aliyevitafiti vikundi hivyo, ameonesha jinsi vilivyolichora taifa jukwaani. Kwa mada hii, jambo muhimu ni kwamba msanii mmoja aliweza kucheza ngoma saa tatu na kuigiza saa nne, mbele ya hadhira ile ile. Ngoma na uigizaji viliishi nyumba moja. Bugobogobo ilikuwa miongoni mwa ngoma zilizoingia katika majukwaa ya kitaifa, lakini iliingia kama kipande kilichofupishwa, kikichezwa pia na wasanii wasio Wasukuma, na kuwekwa kando ya sindimba na lizombe kama sampuli ya kabila. Ngoma ilivuka. Mchezaji wake alibaki nyumbani.

Katika Usukuma wenyewe, jaribio lililokaribia zaidi kujenga daraja lilifanyika kijijini Malya, wilayani Kwimba, mwaka 1982 na 1983. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Mlama na Amandina Lihamba, waliwashirikisha wanakijiji katika sanaa za maonesho kwa maendeleo, kwa kutumia ngoma, maigizo na majadiliano kuhusu mambo yaliyowasumbua, hususan mimba za wasichana. Wachezaji ngoma waliingia katika uigizaji bila kuambiwa waache kucheza. Malya ilithibitisha kwamba mpaka kati ya sanaa hizo mbili ni mwembamba. Lakini lengo lake lilikuwa mjadala wa kijamii, si filamu, na wakati huo hapakuwa na tasnia ya kuwapokea waliofuzu hapo. Lihamba alionekana baadaye katika Maangamizi (2001), filamu ya Martin Mhando na Ron Mulvihill.

Leo tasnia hiyo ipo, na kamera zimefika hadi vijijini. Video za muziki wa Kisukuma zinasambaa kwa wingi kupitia simu. Katika video hizi mwimbaji husimama katikati na wachezaji hupangwa nyuma yake kwa safu. Sarufi ya picha ni ile ile karibu kila mara: mwimbaji hupewa picha ya karibu, wachezaji hupewa picha ya mbali au hukatwa vipande, mguu peke yake, kiuno peke yake, tabasamu la sekunde moja. Uhariri unafuata mdundo wa wimbo, wala haungoji tendo la mchezaji likamilike. Jembe linarushwa katika picha moja na kudakwa katika picha nyingine, na kwa mkato huo ujuzi wenyewe hufutwa, kwa sababu yeyote anaweza kudaka jembe ambalo hakulirusha. Hapa ndipo mchezaji anapogeuzwa mandhari. Methali husema mcheza kwao hutunzwa. Katika video hizi anayetunzwa ni yule mwenye jina, na mchezaji hana jina.

Pengo hilo linajazwa na taswira nyingine. Katika vichekesho vya Kiswahili, Msukuma ni mhusika wa kudumu: mwenye lafudhi nzito, nguvu nyingi na welekevu mdogo wa mambo ya mjini. Utani wa makabila una nafasi yake, na Wasukuma wenyewe ni mafundi wa utani. Lakini mhusika huyo amejengwa kwa lafudhi tu. Hana mwili wake. Mwigizaji anayejua Kiswahili cha pwani huvaa lafudhi kama kofia na kuivua mchezo unapokwisha. Mchezaji wa mbina, ambaye ngoma yake imejaa dhihaka kwa wapinzani na kwa wakubwa, angeweza kumpa mhusika huyo akili aliyonyimwa.

7.0 Mipaka ya Hoja

Pingamizi la kwanza linaweza kuwa kwamba kulinganisha mbina na baleti ni kuipima ngoma kwa kipimo cha wageni, jambo ambalo Muhando na Balisidya walionya dhidi yake. Pingamizi hili lina msingi. Baleti haitumiki hapa kama daraja la juu ambalo mbina inapaswa kulifikia. Inatumika kwa sababu ndiyo dansi ambayo filamu imekubali kubadili lugha yake kwa ajili yake. Ulinganisho unaihukumu filamu, hauihukumu ngoma.

Pingamizi la pili ni kwamba ngoma ikihamishiwa kwenye filamu hupoteza tukio lake, na kwa mujibu wa Mulokozi tukio ni sehemu ya sanaa yenyewe. Hili nalo ni kweli, na ndiyo sababu makala hii haidai kwamba Bulabo irekodiwe na kuitwa filamu. Dai ni jembamba zaidi: kwamba mtu aliyelelewa na tukio hilo hubeba ujuzi unaoweza kutenda kazi nje yake, kama Nalwanga alivyoubeba ujuzi wa darasa la ngoma hadi kwenye ubao wa sataranji. Anayevuka ni mchezaji. Ngoma inaweza kubaki uwanjani mwake, na ni vizuri ibaki.

8.0 Hitimisho

Uchambuzi umeonesha kwamba uvukaji kutoka dansi hadi filamu haukutokana popote na mvuto wa asili kati ya mwili na kamera. Ulitokea pale yalipokutana mambo matatu: mchezaji aliyefunzwa, jicho lililokwenda kumtafuta, na muswada uliompa jambo la kutenda. Shearer, Caron na Baryshnikov waliyapata yote matatu. Nalwanga aliyapata Kampala. Mchezaji wa Shinyanga na Geita analo la kwanza kwa wingi, na anayakosa mawili yanayofuata.

Jicho na muswada hutegemea kwa sehemu kazi ya wahakiki. Tafiti za Kiswahili kuhusu ngoma huelekea kushughulikia maneno ya nyimbo, dhamira na dhima, na kumwacha mchezaji bila maelezo. Tafiti kuhusu Bongo Movie huchambua maudhui, wahusika na matumizi ya lugha, na mara chache hueleza mwili wa mwigizaji unafanya nini ndani ya fremu. Matokeo yake ni kwamba taaluma imeigawa nyumba ambayo Muhando na Balisidya waliijenga ikiwa moja. Mtafiti wa ngoma akimtaja mchezaji kwa ujuzi wake, kama anavyomtaja ningi kwa tungo zake, na mtafiti wa filamu akiuliza ni nani amekatwa na uhariri na kwa nini, mwongozaji atakuwa na mahali pa kuanzia kutafuta.

Kwa watengenezaji wa filamu, hatua ya kwanza ni ndogo na haihitaji mtaji wa mgodi. Ni kuiacha kamera imtazame mchezaji tangu jembe linapoondoka mkononi hadi linaporudi, bila kukata, kisha kumwandikia sentensi ya kusema baada ya kulidaka.